Namna ya Kusoma na Kufuatilia Maana za Kitenzi cha Kiingereza "Put Off"

Msomaji akiifungua Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa London mwaka 1611, katika Kutoka sura ya 3 aya ya 5, atamkuta Musa akiamriwa mbele ya kijiti kinachowaka: "put off thy shoes from off thy feet". Akisoma barua ya ofisi ya siku hizi, atakuta mkutano nao umekuwa "put off". Akikaa mezani na Waingereza, huenda akasikia mmoja wao akisema kwamba harufu ya samaki waliochina imemfanya awe "put off". Maneno ni yaleyale mawili, lakini Kiswahili kinalazimika kutumia vitenzi vitatu visivyohusiana hata kidogo: kuvua, kuahirisha na kukinaisha. Kamusi ndogo za shuleni huishia kutoa ile maana ya pili peke yake, na mwanafunzi aliyeikariri humwona Musa akiahirisha viatu.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuzitambua maana za kitenzi hiki, jinsi ya kuzipanga kwa zama zake, na jinsi ya kuzifuatilia katika maandishi ya zamani bila kulipia chochote zaidi ya gharama ya intaneti. Nimekichagua kitenzi kimoja kwa makusudi. Orodha za vitenzi mia mbili vya namna hii, ambazo wanafunzi wengi hukaririshwa, hufutika kichwani mara baada ya mtihani, ilhali mtu aliyekichunguza kimoja hadi kwenye mzizi huweza kuvikabili vingine kwa njia ileile.

Anza na neno la pili

Katika vitenzi vya maneno mawili vya Kiingereza, ambavyo wanasarufi wa lugha hiyo huviita "phrasal verbs", mzigo wa maana mara nyingi hubebwa na kile kijineno cha nyuma. "Put" yenyewe haisemi mengi. Ni kuweka au kutia tu, na Waingereza huiambatisha kwa karibu kila kitu. Anayetaka kujua maana na aanze na "off".

Neno hili lina historia inayosaidia sana. "Off" na "of" yalikuwa neno moja katika Kiingereza cha kale, nalo lilikuwa na maana ya kutoka mahali au kuachana na kitu. Pale lilipotamkwa kwa mkazo lilikuja kuandikwa kwa "f" mbili, na kufikia karne ya 17 maandishi yalikuwa yameyatenganisha kabisa: "of" ikabaki na kazi nyepesi ya kuunganisha nomino, kama zifanyavyo "cha", "la" na "wa" kwetu, nayo "off" ikabeba maana yote ya zamani ya kutengana. Kwa sababu hiyo, ukisoma maandishi ya Kiingereza ya karne ya 15 au ya 16 katika tahajia yake ya awali, usishangae kukuta "put of" mahali ambapo leo ungetarajia "put off".

Mzungumzaji wa Kiswahili anaingia katika jambo hili akiwa na faida ambayo walimu wengi hawaitumii. Lugha yetu ina kauli ya kutendua, inayogeuza vaa kuwa vua, funga kuwa fungua, ziba kuwa zibua, kunja kuwa kunjua na tega kuwa tegua. Tunachokifanya kwa kubadili mwisho wa kitenzi, Kiingereza hukifanya kwa kuweka kijineno baada yake. Jozi ya "put on" na "put off" katika Kiingereza cha 1611 ililingana barabara na vaa na vua, na ndiyo maana wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union, waliposema "vua viatu vyako miguuni mwako", hawakuhitaji kuzunguka.

Hata hivyo, ulinganisho huo usivutwe kupita kiasi. "Off" hailazimu kutengua tendo lililotangulia. Inachotaka ni utengano. Mkutano ulioahirishwa haujatenguliwa, umewekwa mbali na siku yake. Kwa hiyo swali la kuuliza kila unapokutana na kitenzi hiki ni moja: ni kitu gani kinatenganishwa na kitu gani? Ukishalijibu, neno la Kiswahili linalofaa huja lenyewe.

Tazama kinachotenganishwa

Chukua kwanza vazi na mwili, kwa kuwa hiyo ni miongoni mwa maana kongwe na ndiyo iliyopotea zaidi midomoni mwa watu. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Tempest, iliyoandikwa mnamo 1611, mlevi mmoja anamwamuru mwenzake: "Put off that gown, Trinculo". Anataka joho livuliwe ili alivae yeye. Maana hiyo ilienea hadi kwenye mambo ya roho. Waraka kwa Wakolosai, sura ya 3 aya ya 9, katika toleo hilohilo la 1611, husema waumini wame-"put off the old man", nasi husoma katika Union kwamba "mmevua kabisa utu wa kale". Katika Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 1 aya ya 14, mtume anayekaribia kufa anasema kwamba hana budi "put off" hema lake, yaani mwili. Mfasiri asiyejua kwamba picha iliyo chini ya maneno hayo ni ya mtu anayevua nguo ataandika kwamba Petro alitaka kuchelewesha kifo chake, na atakuwa ameandika kinyume kabisa cha kilichosemwa.

Katika zama hizo Kiingereza kilikuwa pia na "do on" na "do off" kwa maana zilezile za kuvaa na kuvua, na maneno hayo yalikwisha kuungana yakawa "don" na "doff". Juliet, katika tamthilia ya Shakespeare ya Romeo and Juliet, akiwa juu ya roshani asijue kwamba Romeo anamsikia, anamsihi a-"doff" jina lake, kana kwamba jina ni kofia. Ophelia naye, katika Hamlet ya mwandishi huyohuyo, katika wimbo anaouimba akili zikiwa zimemruka, ana "donn'd" na "dupp'd" katika mistari inayofuatana; hilo la pili ni "do up", yaani kufungua mlango, na leo halitumiwi tena. Ninayataja haya kwa kuwa yanaonyesha kwamba vitenzi vya maneno mawili havikuzaliwa juzi, na kwamba vingine vimejificha ndani ya maneno yanayoonekana kuwa neno moja.

Kiingereza cha leo kimefanya jambo la ajabu kidogo hapa. "Put on" imeendelea kuwa kuvaa, lakini mwenzake ameachwa, na nafasi ya "put off" kwenye mavazi imechukuliwa na "take off". Mwanafunzi anayetunga sentensi kwa kufuata mantiki, akasema "I put off my shirt", anasema Kiingereza ambacho Shakespeare angekielewa mara moja, ila mhudumu wa duka la nguo mjini London atamtazama kwa mshangao.

Utengano wa pili ni wa chombo na pwani. Mashua iki-"put off" imeondoka ufukweni, na matumizi haya hayana kitu kinachofuata moja kwa moja baada ya kitenzi. Unaweza tu kukuta "from the shore" au "from the ship". Msomaji wa masimulizi ya mabaharia wa karne ya 18 na ya 19 atakutana nayo mara kwa mara, na dalili yake ni hiyo ya kukosekana kwa mtendwa. Kiswahili cha pwani kina "kung'oa nanga" na "kutweka", lakini kwa mashua ndogo inayosukumwa kwa makasia kutoka merikebuni, "kuondoka" au "kujitoa" inatosha.

Utengano wa tatu, wa jambo na siku yake, ndio unaofahamika kuliko yote na haudai maelezo marefu. Lord Chesterfield, mwanasiasa wa Uingereza, katika barua aliyomwandikia mwanawe mwishoni mwa mwaka 1749, alimwonya asi-"put off till to-morrow" jambo awezalo kulitenda leo, na onyo hilo limebaki kuwa methali ya Kiingereza kama ilivyo kwetu "linalowezekana leo lisingoje kesho". Jihadhari tu na "call off", ambayo wanafunzi huichanganya na hii. Mechi iliyo "put off" itachezwa siku nyingine, ilhali iliyo "called off" imefutwa, hata kama baadaye watu watakubaliana kuipanga upya.

Sasa tuje kwa binadamu, ambapo pana utajiri na pia hatari. Mtu anapokuwa ndiye anaye-"put off"-wa, maana zinaweza kuwa nne, na muktadha tu ndio utakaokuamulia. Ya kwanza ni ya mdaiwa na mdai. Mdai anakuja mlangoni, mdaiwa anampa sababu, anampa tarehe, anamrudisha. Hapa kinachotenganishwa ni mdai na mlango. Kiswahili cha mitaani nchini Tanzania kina neno linalokaa hapa kama limepimwa: kumpiga mtu kalenda. Maandishi rasmi yatasema "kumzungusha kwa ahadi". Kutokana na matumizi haya Waingereza walipata nomino "a put-off", yaani udhuru wa kumwondolea mtu njiani. Nabii Isaya, sura ya 47 aya ya 11 katika toleo la 1611, anaiambia Babeli kwamba msiba utaiangukia na haitaweza "put it off". Msomaji wa leo huelewa kwamba Babeli haitaweza kuuahirisha, ila makusudi ya maneno hayo ni kwamba haitaweza kuuepusha kabisa, kwa kuwa hakuna kafara itakayoukinga.

Ya pili ni kumkinaisha au kumwondolea mtu hamu. Huyu ametenganishwa na kitu alichokuwa akikitamani: chakula, kitabu, mchumba, kazi. Sentensi kamili hutaja vitu vyote viwili, kama katika "it put me off my food", na huo mpangilio ndio unaoufichua utengano waziwazi. Vijana wa Afrika Mashariki husema "kukatwa stimu", na katika uandishi wa adabu tuna kukinai, kuchukia, kuvunjika moyo na kukata tamaa, kila neno kwa kiwango chake. Ya tatu ni jirani yake: kumvuruga mtu aliyekazia fikra, kwa mfano mchezaji anayetaka kupiga penalti huku mashabiki wakimzomea. Huyo hajakinai mpira. Umakini wake ndio uliotoka. Ya nne ni ya kawaida kabisa, ya konda anayemshusha abiria asiyelipa nauli: "he put him off the bus". Abiria ametengana na basi, na hapo hapana fumbo lolote.

Upo utengano mmoja ambao leo umesahaulika, nao ni wa mtu na mali mbovu iliyo mkononi mwake. Katika karne za 17 hadi 19, ku-"put off" kitu kulikuwa pia kukitoa kwa hila, kumbambikia mwingine. Sheria za Uingereza dhidi ya sarafu bandia zililitumia neno hili, hasa kwa mtu aliyeziuza sarafu hizo kwa bei iliyo chini ya thamani iliyogongwa juu yake, ili mnunuzi naye akazitumie sokoni kwa thamani kamili. Anayesoma kumbukumbu za mashauri ya mahakama ya Old Bailey ya London, zinazoanzia 1674 na kuishia 1913, atakutana na washtakiwa waliosemekana ku-"put off" shilingi. Akidhani kwamba waliahirisha malipo, hataelewa kwa nini walikabiliwa na adhabu kali namna ile.

Uliza mwaka wa maandishi

Kujua kinachotenganishwa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua sentensi imeandikwa lini, kwa sababu maana hizi hazikuwa na nguvu sawa katika kila zama. Kwa maandishi ya kabla ya 1700, maana ya kuvua iwe ya kwanza kujaribiwa, hasa kama kinachofuata ni nguo, kofia, viatu, mwili, hali ya moyo au cheo. Kwa maandishi ya karne ya 18 na ya 19, maana ya kuahirisha, ya kumzungusha mtu na ya mashua ndizo zitakazokujia mara nyingi, huku ya kuvua ikizidi kuwa ya kanisani na ya mashairi. Maana ya kukinaisha, ambayo leo labda ndiyo inayosikika zaidi kwenye mazungumzo ya Waingereza pamoja na kivumishi chake "off-putting", ni ngeni kwa kulinganisha, na mtu anayeiona katika maandishi ya mwaka 1600 hana budi kujitilia shaka kabla ya kuendelea.

Msaidizi bora wa kupanga zama ni kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755, ambayo sasa inasomeka bure mtandaoni. Katika dibaji yake Johnson aliandika kwamba muungano wa kitenzi na kijineno umejaa katika Kiingereza kuliko labda katika lugha nyingine yoyote, na kwamba ndio unaowatia wageni taabu kubwa kuliko yote. Aliongeza kwamba alivikusanya vitenzi hivyo kwa uangalifu mwingi, na kwamba vile vilivyomponyoka vitaelezeka kwa kuvilinganisha na vilivyomo. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza hapa, na sioni kama imepatikana bora zaidi tangu wakati huo. Chini ya "put off" Johnson aliweka kuvua, kuahirisha, kumzuia mtu kwa udhuru, na pia kutoa kitu kwa udanganyifu, kila maana ikisindikizwa na dondoo kutoka kwa waandishi waliomtangulia. Kukuta maana ndani ya kamusi hiyo ni uthibitisho kwamba ilikuwa hai, au angalau ilikumbukwa, katikati ya karne ya 18. Kutoikuta hakuthibitishi kitu, kwa kuwa naye alikuwa mtu mmoja mwenye wasaidizi wachache.

Kwa historia iliyo kamili zaidi ipo kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika 1928 chini ya James Murray na wahariri waliomfuata. Toleo la sasa hulipiwa, lakini majuzuu ya toleo la kwanza yamekwisha kuwa mali ya umma na yanapatikana katika maktaba huria za mtandaoni. Kila maana imepangiwa dondoo kwa mfuatano wa miaka, na alama ya msalaba mdogo mbele ya maana huonyesha kwamba imekufa. Usianze kusoma ingizo la "put" kutoka juu kwenda chini, kwa maana utazama; ruka moja kwa moja hadi mwishoni, ambako vitenzi vyenye vijineno vimepangwa kwa alfabeti ya kijineno. Tena usilitafute jina "phrasal verb" katika vitabu vya zamani. Lilienezwa na Logan Pearsall Smith mwaka 1925, naye alieleza kwamba alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi hiyohiyo.

Soma alama za kisarufi

Wakati mwingine maana hujulikana hata kabla ya kuangalia kamusi, kwa jinsi maneno yalivyopangwa. Kama mtendwa ni kiwakilishi, hukaa katikati: "put it off", "put them off". Mtu hawezi kusema "put off it". Nomino ina uhuru wa kukaa katikati au mwishoni, ila ikiwa ndefu hupendelea mwishoni. Kama baada ya "off" kunafuata kitenzi, nacho huishia na "-ing", kama katika "put off writing", basi maana ni ya kuahirisha, na makosa ya "put off to write" ndiyo yanayowagharimu alama watahiniwa wengi, kwa sababu Kiswahili chetu husema "kuahirisha kuandika" na akili huitafsiri ile "ku-" kwa "to".

Ikiwa kati ya "put" na "off" kuna mtu, kisha baada ya "off" kuna nomino nyingine, umekutana na maana ya kukinaisha, ya kuvuruga au ya kushusha. Ikiwa baada ya mtu kunafuata "with", pamoja na neno kama "excuses" au "promises", ni ile ya kupiga kalenda. Ikiwa kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa na kufuatiwa na "by", tazama nomino inayokitangulia kitenzi: tukio lililo "put off by" mvua limeahirishwa, lakini mgeni aliye "put off by" uchafu amechukizwa. Umbo la wakati uliopita halikusaidii, kwa kuwa "put" haibadiliki.

Tafuta kwa hila kidogo

Anayetaka kuona matumizi katika vitabu vingi kwa pamoja anaweza kutumia chombo cha Google kinachohesabu maneno ya vitabu vilivyochapishwa kwa karne kadhaa, kiitwacho Ngram Viewer, kilichozinduliwa mwaka 2010. Kosa la kwanza la wengi ni kuandika "put off" peke yake na kuridhika na mstari unaopanda na kushuka, ilhali mstari huo umechanganya maana zote nane. Andika badala yake "put off his *", na kinyota hicho kitakuletea maneno kumi yanayofuata mara nyingi zaidi. Linganisha kipindi cha zamani na cha karibuni, uone mavazi yamekaa wapi na safari zimekaa wapi. Andika pia "put it off" na "put him off" kando, maana chombo hicho hakijui kwamba maneno yaliyoachana ni kitenzi kimoja.

Kuna mitego miwili katika matokeo. Vitabu vya kabla ya mwaka 1800 hivi vilitumia herufi ya "s" ndefu inayofanana na "f", na mashine mara nyingi huisoma vibaya, hivyo viatu vya Musa huenda vimeandikwa "fhoes". Atafutaye "shoes" tu atakosa sehemu kubwa ya ushahidi. Mtego wa pili ni wa machapisho mapya ya vitabu vya zamani. Biblia ya 1611 ilichapishwa tena na tena katika karne ya 19, na kila chapisho huweza kuhesabiwa kwa mwaka wake, kiasi kwamba mtu hudhani Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria walikuwa bado wakisema "put off" kila walipovua buti. Njia ya kujikinga ni kubofya mifano yenyewe na kusoma ukurasa mzima. Ni kazi ya kuchosha, lakini jedwali bila ukurasa halimwambii mtafiti kitu cha kuaminika.

Unapohamishia kwenye Kiswahili

Mfasiri wa maana ya kuahirisha atakutana na tatizo la mbele na nyuma. Sisi husema mkutano "umesogezwa mbele" tukimaanisha kwamba utafanyika baadaye kuliko ilivyopangwa. Mwingereza akisikia kwamba mkutano umekuwa "brought forward", ambako "forward" ni mbele, ataelewa kwamba utafanyika mapema zaidi. Na ukiwa "put back", yaani umewekwa nyuma, utachelewa. Barua iliyotafsiriwa neno kwa neno inaweza kuwaleta wajumbe wiki moja kabla ya wenyeji wao. "Put off" ina usalama wake hapa, kwa kuwa haina mbele wala nyuma, ina umbali tu. Kwa upande wa Kiswahili, "kuahirisha" nayo haina utata, kwani mzizi wake wa Kiarabu ni uleule wa ahera na akheri, yaani mambo yajayo baadaye.

Zingatia pia uzito wa lugha. "Put off" ni neno la mazungumzo na la barua za kawaida. Taarifa rasmi ya Kiingereza itasema "postpone", na hakimu ataahirisha shauri kwa "adjourn". Kiswahili hutumia kuahirisha kwa ngazi zote hizo, kwa hiyo anayetafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ndiye mwenye kazi ya kuchagua, na akiandika "put off" katika hati ya mahakama ataeleweka lakini ataonekana amekuja barazani na kandambili.

Hatimaye kuna matumizi yanayotuhusu sisi wenyewe. Katika Kiingereza kinachozungumzwa Kenya, Uganda na Tanzania, ni kawaida kabisa kuambiwa "put off the lights" au "put off the TV", kwa maana ya kuzima. Walimu wengine hulikemea, nami naona wanakemea bila sababu ya kutosha, kwa kuwa zipo kamusi za Uingereza zinazoyatambua matumizi hayo, na utengano unaonekana wazi: taa imeachanishwa na umeme wake. Kinachopaswa kufundishwa ni kwamba Mmarekani husema "turn off", Mwingereza wa leo hupendelea "switch off" au "turn off", na mgeni huyo anaweza kusita kidogo kabla ya kukuelewa. Othello, katika tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo, anapoingia chumbani kwa mkewe Desdemona, husema "put out the light", na mbele yake pana mwali wa moto. Kwa mshumaa, kibatari na moto wa kuni, Kiingereza bado kinasema "put out", hivyo anayeandika habari za nyumba isiyo na umeme na aitumie hiyo.